Portra 400 ya 120: ipe mwanga mwingi, hutajuta

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi wanaosoma rivyu wanataka hilo tu: kama una kamera ya midiamu fomati (zile zinazotumia filamu pana ya 120), unataka kupiga rangi, na mfuko unaruhusu aina moja tu ya filamu, chukua Kodak Portra 400, weka mita (kipima mwanga) kwenye ISO 200, ISO ikiwa ni kasi ya filamu, yaani jinsi inavyohisi mwanga, nenda kapige. Yanayofuata hapa ni sababu zangu, pamoja na sehemu ambazo hii filamu inabana, maana zipo na wanaoisifia huwa hawazitaji.

Kwa asiyeijua, Portra ni ukoo wa filamu za rangi za negativu ambao Kodak waliutoa mwaka 1998. Zamani ile ya 400 zilikuwa mbili, NC yenye rangi tulivu na VC yenye rangi za kukolea, af mwaka 2010 wakaziondoa zote mbili wakaleta hii moja tuliyonayo leo, wakatumia teknolojia ya filamu zao za sinema za Vision. Kilichotoka ni filamu yenye chembe (vile vidoa vinavyounda picha) ndogo sana kwa ISO 400, kontrasti (tofauti ya mwanga na giza) ya chini, na rangi zisizowaka. Mtu aliyezoea picha za simu akiiona mara ya kwanza anasema mbona imepooza. Mi nasema huo upole ndo mtaji wako, kwa sababu maelezo yote yako humo ndani, ukitaka kontrasti unaiongeza mwenyewe baadae, ila filamu iliyokolea tangu mwanzo kuirudisha nyuma ni kazi ngumu sana.

Sasa kwa nini midiamu fomati wakati filamu hiyo hiyo ipo pia kwenye 35mm? Twende kwenye hesabu. Fremu ya 35mm ni milimita 24 kwa 36, eneo lake ni milimita za mraba 864. Fremu ya 6x6, inayoitwa hivyo kwa sentimita, kiuhalisia ni 56 kwa 56, yaani 3136, zaidi ya mara tatu na nusu. Ukienda 6x7 unapita mara nne. Chembe za filamu ukubwa wake ni ule ule, ila kwa sababu negativu yenyewe ni kubwa huhitaji kuikuza sana ili ufikie saizi ya picha unayotaka, kwa hiyo zile chembe zinabaki ndogo machoni. Kwenye 35mm filamu ya 400 unaichukua ukijua kuna kitu unapoteza. Kwenye 6x6 na 6x7 hilo swali linakufa kabisa, 400 inakuwa filamu yako ya kila siku, na hapo ndo napoipendea zaidi, maana unapata kasi bila kulipia kwa chembe.

Na siyo chembe tu. Angalia jinsi shavu la mtu linavyotoka kwenye mwanga kuingia kwenye kivuli, kwenye negativu kubwa ule mpito unakuwa taratibu mno, hakuna mahali unaona rangi imeruka. Mtu asiyejua chochote kuhusu kamera ukimwekea picha mbili mezani atanyoosha kidole kwenye ya midiamu fomati hata kama hawezi kukueleza kwa nini.

Tuje kwenye mwanga, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo roho ya mambo yote. Negativu ya rangi inafanya kazi kinyume na kamera ya dijitali. Kwenye dijitali ukizidisha mwanga, sehemu nyeupe zinaungua na hazirudi, kwa hiyo watu wamejifunza kuogopa mwanga mwingi. Kwenye negativu kila mwanga unavyoongezeka filamu inakuwa nzito zaidi pale mahali, na hata ikiwa nzito sana bado kuna kitu ndani ambacho skana au karatasi inaweza kukitoa. Lakini pale ambapo mwanga haukufika kabisa filamu inabaki tupu, ni plastiki ya rangi ya chungwa basi, hujapanda kitu kwa hiyo hakuna cha kuvuna. Ndo maana ukiinyima mwanga unapata vivuli vya matope, chembe zinajitokeza, na weusi unageuka kuwa wa kijani au wa kibluu bluu, na hakuna programu itakayokuokoa hapo.

Portra 400 imesifika kwa uvumilivu wake na sifa hiyo ni ya haki. Ukiizidishia stopu moja (kila stopu ni mwanga mara mbili, au nusu ukipunguza) picha inakuwa bora zaidi, stopu mbili bado safi kabisa, hata tatu picha inatoka vizuri tu, rangi zinakuwa laini zaidi kama zimepaushwa kidogo, na kuna wapiga picha za harusi ambao wanaitaka hivo makusudi. Upande wa kuinyima, stopu moja inastahimili, mbili unaanza kulia. Kwa hiyo ule ushauri wa kuweka mita kwenye 200 hauna uchawi wowote, ni akiba tu ya stopu moja upande ambao filamu inapenda, ili mita ikikosea kidogo usiangukie upande mbaya. Na tafadhali usichanganye hilo na kuvuta filamu, yaani kuipunguzia muda wakati wa kusafisha, ukipiga kwa 200 unawaambia labu (wanaokusafishia filamu) waisafishe kawaida kabisa kama 400, usiwaambie chochote kingine.

Kupima kwenyewe: pima kivuli. Kama una mita ya mkononi yenye kile kikombe cheupe, iweke pale kwenye kivuli ambacho bado unataka maelezo yaonekane, soma, piga. Kama unatumia app ya simu, usiielekeze mbinguni wala kwenye ukuta mweupe, maana mita inadhani dunia nzima ni ya kijivu cha kati, ikiona anga kubwa lenye mwanga itakwambia upunguze na mtu wako aliyesimama mbele anageuka kivuli. Hili ni muhimu zaidi ukiwa unapiga watu wenye ngozi nyeusi. Ngozi nyeusi inahitaji mwanga ufike kwenye filamu, ikinyimwa inakuwa kipande kimoja cha giza kisicho na umbo, ikipewa inatoka na utajiri wa ajabu, unaona nyekundu, kahawia, dhahabu kwenye paji la uso, zote zinaishi pamoja. Wanaojua historia wanakumbuka zile kadi za Shirley, picha ya mwanamke mzungu ambayo labu zilitumia kwa miaka mingi kupimia rangi ya ngozi, na watu weusi tukawa tunatoka vibaya kwenye picha huku tukiambiwa ndo tulivyo. Kwangu mimi Portra 400 kwenye negativu kubwa, ikipewa mwanga wake, ni moja ya filamu zinazoitendea haki ngozi nyeusi, na hilo peke yake lingenitosha kuinunua.

Kuna jambo lingine ambalo sioni likisemwa sana. Kamera nyingi za midiamu fomati tunazotumia ni za zamani. Hasselblad 500C/M ni ya kuanzia 1970, Yashica Mat 124G vile vile, Mamiya RB67 nayo ilitoka mwaka huo huo, Rolleiflex ndo usiseme maana ya kwanza ilitoka 1929. Kamera hizi nyingi hazina mita, au mita yake imekufa, na shata zake (vile vifuniko vinavyofunguka kupitisha mwanga) za ndani ya lenzi ambazo hazijafanyiwa sevisi kwa miaka zinakuwa nzito kwa sababu mafuta yamegandia. Shata nzito maana yake inafunga kwa kuchelewa, ile 1/60 ya sekunde unayoiona kwenye lenzi inaweza kuwa ndefu zaidi ya hapo, kwa hiyo filamu inapata mwanga mwingi kuliko ulivyopanga. Kwa filamu ya slaidi, ile inayotoa picha moja kwa moja bila negativu, hiyo ni hasara, slaidi inaungua. Kwa Portra hutagundua hata. Yaani ugonjwa wa kawaida wa kamera za zamani unaangukia upande ule ule ambao negativu inaupenda, na ndo sababu mtu anayeanza na kamera kuukuu namwelekeza kwenye filamu ya negativu bila kusita.

Sasa inapobana. Kwenye jua kali la mchana hii filamu ni ya haraka kupita kiasi ukitaka kufungua lenzi. Tufanye una Hasselblad na ile lenzi ya 80mm f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), shata yake inaishia 1/500. Kwenye jua la wazi ukiipima kama 200 unahitaji kama f/11 kwenye 1/500. Kutoka f/11 mpaka f/2.8 ni stopu nne, na hapo tayari umeshazidisha moja, jumla tano juu ya kiwango cha filamu. Uvumilivu una mwisho jamani. RB67 ni mbaya zaidi maana shata inaishia 1/400. Suluhisho ni filta ya ND, ile ya kupunguza mwanga, au uhamie kivulini, au uchukue Portra 160 kwa siku za jua. Mimi mchana nahamia kivulini, kwenye veranda, chini ya mti, karibu na mlango, kwa sababu Portra kwenye kivuli cha wazi ndo inapotoa ubora wake wote, ngozi inakuwa laini na macho yanang'aa.

Af kuna hii ya kufungua lenzi kwenyewe. Kwenye midiamu fomati f/2.8 siyo ile f/2.8 ya simu au ya kamera ndogo, kina cha sehemu iliyo kwenye fokasi ni kidogo sana, ukipiga uso kwa karibu jicho moja linakuwa kali na la pili limeshapotea. Watu wengi wanalaumu lenzi wakati tatizo ni hilo. Kasi ya 400 inakusaidia hapa, unafunga mpaka f/5.6 au f/8 na bado unashika kamera mkononi, na picha inabaki na ule ukungu mzuri wa nyuma kwa sababu fremu ni kubwa.

Taa za ndani ni eneo la pili la shida. Filamu hii imepangwa kwa mwanga wa mchana, kama Kelvini 5500, ukipiga chini ya balbu za njano kila kitu kinakuwa chungwa. Unaweza kurekebisha kiasi kwenye skana lakini chaneli ya bluu inakuwa imenyimwa mwanga na vivuli vinachafuka, ni ile ile habari ya kutopanda. Filta ya bluu ya 80A inatibu ila inakula stopu mbili, na ndani ya nyumba stopu mbili huna. Kwa usiku mi naona heri CineStill 800T ambayo imetoka kwenye filamu ya sinema ya Kodak iliyopangwa kwa taa za tungsteni, yaani hizo balbu za njano, ingawa inaacha duara jekundu kuzunguka taa na siyo kila mtu anapenda, au utumie flashi. Na flashi kwenye kamera zenye shata ya ndani ya lenzi ni raha tupu, inakubaliana na shata kwa kasi zote mpaka ya juu kabisa, unaweza kujaza mwanga usoni juani bila wasiwasi.

Kuhusu kupakia, filamu ya 120 ni ya mwaka 1901, Kodak waliitengeneza kwa ajili ya kamera yao ya Brownie Na. 2, na mpaka leo mfumo ni ule ule: filamu imebandikwa kwenye karatasi ndefu, haina kopo, inatoka spuli moja kwenda nyingine na hairudishwi nyuma. Inamaanisha mambo mawili. Pakia na pakua kivulini, hata kivuli cha mwili wako mwenyewe kinatosha. Na hakikisha karatasi inazunguka ikiwa imekaza, ishikilie kwa kidole gumba mpaka mshale ufike kwenye alama ndo ufunge mlango, kwa sababu roli ikilegea inanenepa, mwanga unaingia pembeni na unakuta michirizi ya chungwa kwenye kingo za picha. Ukimaliza, kunja ncha, bandika ule utepe kwa nguvu, weka gizani. Idadi ya picha inategemea kamera: 645 (fremu ya sentimita 6 kwa 4.5) unapata 15 au 16, 6x6 unapata 12, 6x7 ni 10, na 6x9 ni 8 tu. Kama gharama inakusumbua, na Portra siyo filamu ya bei ya chini, 645 ndo inayokupa picha nyingi kwa roli na bado eneo lake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya 35mm. Wanaodharau 645 siwaelewi.

Kusafisha ni C-41, mchakato ambao upo tangu 1972, devilopa kwenye nyuzi joto 37.8 kwa dakika 3 na sekunde 15, kisha blichi, fiksa na maji ya mwisho. Labu yoyote inayofanya C-41 ya 35mm inaweza kufanya ya 120 mradi mashine yao inapokea upana huo, uliza kwanza. Nyumbani inawezekana pia, kinachohitaji umakini ni joto la devilopa basi, likiyumba rangi zinayumba nalo.

Lakini sehemu inayoamua kama utaipenda Portra au utaichukia ni skani. Hili nalisema kwa uzito wote. Kuna labu ilinirudishia skani za Portra ambazo ngozi zote zilikuwa za kijani, kontrasti imekazwa, vivuli vimezibwa, ungedhani filamu imeisha muda wake. Negativu zile zile nikazipiga mwenyewe kwa kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro juu ya taa nzuri, nikazigeuza kwa Negative Lab Pro, programu ya kugeuza negativu, na zikatoka picha zenye ngozi nzuri kabisa na vivuli vyote vikiwa hai. Filamu haikuwa na kosa lolote. Ule utando wa chungwa kwenye negativu umewekwa makusudi, kazi yake ni kufidia kasoro za rangi za kemikali za sayani (bluu-kijani) na majenta (waridi iliyokolea) zilizomo kwenye filamu ili rangi zitoke safi kwenye karatasi, ila skana isiyojua kuuondoa vizuri inakupa takataka. Kwa hiyo kabla hujasema Portra imekuangusha, omba labu wakupe skani bapa zisizokazwa kontrasti, au ujifunze kuskani mwenyewe. Skana za mezani kama Epson V600 au V850, ambazo kwa 35mm zinahangaika, kwa 120 zinafanya kazi ya kuheshimika: 6x6 kwenye dpi (nukta kwa inchi) 2400 unapata faili la kama megapikseli 28, linatosha chapa kubwa tu. Hakikisha filamu imelala bapa, negativu ya 120 inapenda kujikunja katikati na fokasi inapotea hapo hapo.

Ukilinganisha na nyingine: Ektar 100 ina chembe ndogo zaidi na rangi za kukolea, kwa mandhari na tripodi ni nzuri mno, ila kwa watu inavuta kwenye nyekundu na haisamehe mita mbovu kama Portra. Gold 200 ilirudi kwenye 120 mwaka 2022, ina rangi ya joto, ya jioni jioni, bei yake ni ya chini kuliko Portra na kwa mtu anayejifunza ni chaguo zuri sana, nisingemkataza mtu. Portra 800 ni kwa mwanga mdogo na ina tabia yake nzuri, ila chembe zinaonekana. Fuji Pro 400H ndo iliyokuwa mshindani wa kweli, ila Fujifilm walitangaza kuisimamisha Januari 2021, ukiikuta leo ni ya stoo na sijui imehifadhiwaje, mi siigusi kwa kazi ya mtu. Harman nao wameleta Phoenix 200, ikafika kwenye 120 mwaka 2024, haikuwa na ule utando wa chungwa wa kawaida na kontrasti yake ilikuwa kali, nafurahi sana kwamba kuna kiwanda kingine kinajaribu filamu ya rangi, lakini hiyo ya kwanza ilikuwa ya kuchezea, siyo ya kupiga harusi.

Mwisho utunzaji, maana unaweza kufanya yote sawa ukaharibu hapa. Portra inauzwa kwa pakiti za roli tano, zisizotumika ziweke kwenye friji zikiwa kwenye mfuko wake uliozibwa, na ukizitoa ziache kwanza zifike joto la chumba kabla hujapasua mfuko, la sivyo unyevu unatua juu ya filamu. Usiache roli ndani ya gari juani, iliyopigwa ndo kabisa, ipeleke ikasafishwe mapema. Na uwanja wa ndege, zile mashine mpya za CT (za eksirei, za kukagua mizigo) zinaharibu filamu hata ya ISO ndogo, kwa hiyo toa roli zote kwenye begi la mkononi, ziweke kwenye mfuko unaoonekana ndani, na uombe kwa upole zikaguliwe kwa mkono. Begi la kupakia chini ya ndege usiweke filamu humo kabisa.